Risiti za Majani Chai Ziingie Darasani

Mkulima wa Boito hupata risiti kila apimiwapo majani chai kituoni. Zikirundikana mkebeni, ataihakikije taarifa ya malipo ya mwezi, seuze bonasi? Walimu wenzangu, nashangaa tukiwafunza vijana lahajedwali kwa maduka ya kubuni ilhali biashara i nyumbani kwao. Na waandike tarehe, kituo na kilo, kila risiti mstari wake. Kisha jedwali geuzi, lililomo katika Excel tangu miaka ya 1990, litajumlisha kilo kwa mwezi. Ukihamisha vichwa, litazijumlisha kwa kituo. Programu ya LibreOffice hufanya hayo bila malipo, na kompyuta kuukuu ya shule yatosha. Kilo zilizopunjwa, kama zipo, zitaonekana kabla bonasi haijatangazwa.