Picha za Ubongo na Mizani ya Dawa

Yako maradhi yaitwayo multipo sklerosisi, ambayo aghalabu huwashika vijana wa miaka 20 hata 40, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yao ni kuulinda mwili, hugeuka zikaula utando ufunikao mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa huamka jicho moja limeingia kiza, au miguu imekufa ganzi. Kisha baada ya majuma kadha hupata nafuu, na jamaa husema amepona. Basi ikiwa maradhi huja na kwenda yenyewe, tabibu atajuaje kuwa nafuu imeletwa na dawa?

Mwaka 1981 matabibu wa Hammersmith Hospital, London, walionyesha kuwa picha za MRI, zipigwazo kwa nguvu ya sumaku pasipo eksirei, hudhihirisha makovu mengi yasiyoonekana kwa vyombo vilivyotangulia. Baadaye ikaongezwa gadoliniamu, itiwayo katika mshipa wa damu: penye jeraha jipya huvuja, na mahali hapo hung'aa pichani. Yakagunduliwa majeraha mengi yazukayo hali mwenyewe hana habari.

Ndivyo ilivyopimwa interferoni beta kwa wagonjwa 372 wa Marekani na Kanada, na matokeo yakatangazwa mwaka 1993. Mwaka 2003 ikaja habari ya natalizumab. Katika miezi sita, waliotiwa maji yasiyo na dawa walipata majeraha mapya 9.6 kila mmoja kwa wastani. Waliotiwa dawa, 0.7 au 1.1 kwa kadiri ya kipimo. Nani asingefurahi? Lakini mwaka 2005 dawa hiyo iliondolewa kwa muda, kwa sababu wagonjwa wachache walipatwa na maambukizo ya ubongo yenye kuua. Ilirudishwa mwaka 2006 kwa masharti makali, na sasa MRI ile ile hutumiwa kuivizia hatari hiyo.

Tena picha na hali ya mtu havilingani daima. Huyu ana makovu tele naye atembea. Yule ana dogo moja katika uti wa mgongo, na hawezi kusimama. Kwa hiyo tabibu mwangalifu humpima pia macho, mikono na mwendo. Na kwa kuwa dawa huchukua muda kushika, wengi hupiga picha mpya miezi michache baada ya kuianza, ndiyo iwe kipimo cha zitakazofuata. Mwenye mgonjwa nyumbani na azihifadhi picha hizo zote, za kale na mpya, azichukue kila aendapo kwa tabibu.