Tuhesabu Risasi Kabla ya Kusifu Bunduki

Msafiri anayeteremka Mombasa kwa barabara kuu hupita Kambu bila kuitazama. Ni mji mdogo baina ya Kibwezi na Mtito Andei, katika Kaunti ya Makueni, wenye maduka yaliyojipanga kando ya lami, joto lisilo na huruma na malori yasiyokwisha. Lakini anayetua hapo kwa sahani ya muthokoi, akatega sikio, atagundua kwamba wazee wa pale wana elimu moja isiyofundishwa shuleni. Wanazijua bunduki kama wavuvi wa Lamu wanavyozijua pepo.

Si ajabu. Upande mmoja iko milima ya Chyulu na mbuga ya Tsavo. Upande wa pili, ng'ambo ya Mto Athi, ni Kitui ya kusini. Tangu enzi za mkoloni Wakamba waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la KAR, na baada ya uhuru wana wao wakaingia jeshini, katika polisi na katika kikosi cha askari wa wanyamapori. Mzee anapostaafu hurudi nyumbani na malipo yake ya uzeeni, magoti yanayouma, na mapenzi yasiyokoma kwa bunduki aliyoibeba ujanani.

Majuzi niliwakuta watatu wakibishana. Wa kwanza, ambaye baba yake alikuwa askari wa KAR, aliitetea bunduki ya .303 ya Mwingereza. Wa pili, askari mstaafu wa wanyamapori, alisema hakuna chuma kilichoshinda G3 ya Mjerumani. Wa tatu alikuwa kijana, dereva wa bodaboda, na bila shaka aliyoyajua aliyapata katika sinema.

"Wazee wangu," akasema kijana, "mnabishania mavazi ya babu. Bunduki ni AK."

"Kijana wangu," akajibu askari mstaafu, "hiyo AK nimewahi kuisikia ikinililia mimi. Haikunipata kwa sababu aliyeishika alipenda kelele kuliko shabaha."

Nakiri kwamba mabishano yao yalinikolea, kwa maana kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Bunduki ya .303 hupakiwa kwa mkono: kila baada ya risasi moja askari hana budi kulivuta na kulisukuma komeo. Risasi yake ina uzito wa gramu 11 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 740 kwa sekunde. Ni bunduki ya mtu mtulivu. G3 hujipakia yenyewe. Ukifyatua mara moja hutoka risasi moja, nayo nyingine hujileta mahali pake bila mkono kugusa komeo. Risasi yake ni nyepesi kidogo, yapata gramu 9 na nusu, lakini huenda karibu mita 800 kwa sekunde. Risasi ya AK ina gramu 8 na kasi ya mita 710 hivi. Kwa umbali mrefu kwenye nyika tambarare, G3 humwacha AK nyuma. Katika kichaka cha karibu, wepesi wa AK na magazini yake ya risasi 30 dhidi ya 20 za G3 huwa na maana yake.

Liko pia jambo ambalo wapenzi wa bunduki wa mezani hulisahau, nalo ni mgongo wa anayebeba. Risasi 100 za G3 pamoja na maganda yake zina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Za AK hazifiki kilo mbili. Kwa askari anayetembea Tsavo mwezi wa Februari, tofauti hiyo ni chupa ya maji.

Hata hivyo, historia ya nchi hii haikubali kwamba ukubwa wa risasi ndio mwisho wa maneno. Mwaka 1898, simba wawili walipokuwa wakiwala wajenzi wa reli huko Tsavo, mhandisi Patterson aliazima bunduki kubwa akidhani ingemfaa kuliko yake. Simba alipotokea, ile kubwa ilikataa kulia. Simba wa kwanza alipouawa, Desemba mwaka huo, aliuawa kwa .303. Na huko Karamoja, Uganda, mwindaji Mskoti aliyeitwa Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo wenzake waliidharau kuwa ya kuwindia paa. Siri yake ilikuwa kujua moyo na ubongo wa tembo viko wapi.

Wakamba na Waata hawakungoja somo hilo kutoka kwa Bell. Kwa upinde na mshale uliopakwa sumu ya mti wa msunguti waliwaangusha tembo bila kishindo, hata serikali ya kikoloni, baada ya kuunda mbuga ya Tsavo mwaka 1948, ikalazimika kuendesha kampeni kubwa ya kuwakamata mwaka 1956 na 1957.

Lakini nisije nikadhaniwa nasema silaha zote ni sawa. La hasha! Baada ya vita vya Ogaden vya 1977 na 1978, bunduki za AK zilimiminika kuvuka mpaka. Majangili wakaingia Tsavo nazo, huku askari wengi wa wanyamapori wakiwa bado na .303 za babu zao. Tembo wa eneo la Tsavo, waliokadiriwa kuwa zaidi ya 35,000 mwishoni mwa miaka ya 1960, walikuwa wamepunguzwa na ukame wa 1970 na 1971. Risasi zikaendeleza kazi, na kufikia 1988 walibaki karibu 6,000. Mwaka 1989, Rais Moi alipochoma tani 12 za pembe jijini Nairobi, Richard Leakey alikuwa amekabidhiwa idara ya wanyamapori, na askari wakapewa silaha za kisasa zilizojipakia zenyewe. Hesabu ya 2021 ilikuta tembo karibu 15,000. Mzee wetu wa G3 ana haki ya kujivuna.

Nilipomwuliza mzee huyo ni nini alichokumbuka zaidi katika kazi yake, nilitarajia kisa cha mapigano. Badala yake alisema: "Kuhesabu. Kila jioni, kabla ya chakula, tulihesabu risasi. Ikipungua moja, hakuna aliyelala mpaka ijulikane ililia wapi."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba sisi sote mezani tulikuwa tumebishana juu ya kitu kisicho kiini. Bunduki ni chuma. Ikipakwa mafuta na kufichwa vizuri, huishi miaka 50 na zaidi, hurithiwa, huuzwa, hubadilishwa kwa ng'ombe. Risasi hutumika mara moja tu. Anayeifyatua leo atahitaji nyingine kesho, na lazima mtu ampe.

Tena bunduki huchagua chakula chake. Risasi ya G3 na ya AK zote mbili huitwa 7.62, na wengi hudhani ni kitu kimoja. Sivyo. Ganda la ile ya kwanza lina urefu wa milimita 51, la pili milimita 39. Moja haiwezi kukaa mahali pa nyingine. Kwa hiyo ganda tupu linalookotwa asubuhi karibu na maiti ni barua yenye anwani. Linasema bunduki ya aina gani ililia, na mara nyingi kitako chake kina alama ya kiwanda na mwaka. Asiyejua bunduki iko wapi aweza angalau kuuliza risasi ilitoka ghala gani.

Jibu halitufurahishi daima. Mwaka 2008, watafiti wa Small Arms Survey walichunguza risasi zilizokuwa zikizagaa kinyume cha sheria katika Turkana Kaskazini. Walieleza kwamba karibu nusu yake zilitoka kwa polisi wetu wenyewe, waliowapa Waturkana ili wajilinde dhidi ya maadui kutoka Sudan na Uganda. Nia huenda ilikuwa njema. Lakini risasi iliyotolewa bila daftari haina utii. Humtumikia mlinzi asubuhi na mwizi wa mifugo jioni.

Nayataja haya kwa sababu jambo hili limetukaribia. Kwa miaka mingi sasa wakulima wa Kitui na wa sehemu za Makueni zinazopakana na Mto Athi wamegombana na wafugaji wa ngamia juu ya malisho na maji, na watu wameuawa kwa risasi mashambani mwao. Kila msiba ukitokea husikika kilio kile kile: tupeni bunduki, tupeni polisi wa akiba. Ni kilio cha haki. Mtu anayevamiwa usiku hatamani hotuba juu ya mipaka, na upinde wa babu hautoshi mbele ya AK. Asiyeelewa hilo na aende akalale huko usiku mmoja.

Basi na wapewe ulinzi. Lakini kabla serikali haijaamua ni bunduki gani, na iamue ni daftari gani. Kila polisi wa akiba apokee risasi zilizohesabiwa, na alama zake ziandikwe. Zihesabiwe tena kila mwezi mbele ya chifu na wazee wa kijiji. Atakayefyatua arudishe ganda na aeleze sababu. Na hesabu hiyo isomwe barazani, ili mama mwenye shamba kando ya mto ajue kama risasi inayotolewa kwa ajili yake bado ingali yake.

Sheria ya Silaha imezitaja kwa jina AK-47, G3 na MP5, na anayepatikana nazo bila idhini hukabiliwa na kifungo cha maisha. Ukali huo ni mzuri, ila humkuta mhalifu baada ya kununua. Tangu 1997 tuna kiwanda chetu cha risasi huko Eldoret, na tangu 2021 kiwanda cha bunduki huko Ruiru. Nchi inayojitengenezea risasi haiwezi kusingizia mipaka peke yake.

Niliondoka Kambu kabla ya mabishano kwisha. Kijana alikuwa bado anaisifu AK, na mzee wa .303 alikuwa ameanza upya kisa cha baba yake. Yule wa G3 aliniambia jambo moja tu nikiwa napanda gari: katika miaka yake yote ya kazi, yeye binafsi hakuwahi kurudi kambini na hesabu iliyopungua risasi asiyoweza kuieleza. Alilisema kwa fahari kuliko yote aliyosema juu ya bunduki yenyewe. Nadhani hiyo ndiyo sifa ambayo wananchi wa pande zote mbili za Mto Athi wangependa kuisikia kutoka kwa kila aliyepewa silaha kwa jina lao.