Sabufa Inayoguna Usiku: Jinsi ya Kusoma Milio Isiyo ya Muziki

Saa nne usiku. Filamu imefika pale penye ukimya, shujaa anatembea taratibu kwenye korido, na sebule nzima imenyamaza. Halafu sabufa yako inavuma: mmmmmm. Unapunguza sauti, mvumo uko palepale. Dakika moja baadaye inatoa mlio mwingine kabisa, tri-ti-tit, tri-ti-tit, na kabla hujainuka kwenye kochi simu yako inaita.

Hapo ushauri unaanza kumiminika. Mmoja atakwambia chombo kimezeeka, nunua kingine. Mwingine atakwambia kata pini moja ya plagi, utaona. Na shangazi atakunong'oneza kwamba nyumba hiyo ina mambo. Lakini kabla hujatoa hela wala kisu, hebu sikiliza kwanza. Iwe ni sabufa ya kawaida, wufa kama wanavyoiita Kenya, au hom thieta kubwa yenye risiva yake, kila mlio una chanzo chake, na mara nyingi mlio wenyewe unakuonyesha chanzo kilipo. Tena makosa mengi yako kwenye waya, wala hayako ndani ya chombo.

Maswali matatu kabla ya kumwita fundi

La kwanza: mlio unatoka kwenye spika au kwenye boksi lenyewe? Sogeza sikio. Boksi linaweza kuvuma hata kama spika zote zimechomolewa, na hilo ni tatizo tofauti kabisa.

La pili: ukishusha sauti hadi sifuri, mlio unapungua? Ukipungua, maana yake uchafu unaingia kabla ya kitufe cha sauti: kwenye kebo, TV, simu au laptop. Usipopungua, unazaliwa baada ya kitufe hicho, yaani kwenye sehemu ya umeme au ya kukuza sauti.

La tatu: zima kila kitu, chomoa kebo zote zinazoleta sauti, kisha washa chombo peke yake. Kikinyamaza, chenyewe ni kizima. Rudisha kebo moja moja, huku ukizima kila unapochomeka. Ile itakayorudisha mvumo ndiyo mtuhumiwa wako. Kama boksi la besi lina plagi yake ya umeme, chomoa pia kebo inayoliunganisha na risiva, kwa sababu mvumo unaweza kuingilia hapo katikati.

Dakika kumi tu, na hujafungua skrubu hata moja.

"Mmmm" ni sauti ya umeme wenyewe

Umeme wa majumbani kwetu, Tanzania na Kenya, unabadilisha mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde. Ndiyo maana tunasema hezi 50. Marekani wanatumia 60, kwa hiyo hata mvumo wao uko juu kidogo kuliko wetu.

Ndani ya sabufa, transfoma inashusha volti, kisha diodi zinapindua kila nusu ya wimbi iliyo chini iwe juu. Mabonde 50 yakigeuzwa kuwa vilima, unapata vilima 100 kwa sekunde. Kazi ya kapasita kubwa ni kulainisha vilima hivyo viwe tambarare. Kapasita ikikauka, vilima vinabaki, na vinapita hadi kwenye spika kama mvumo wa hezi 100, karibu na sauti ya mwanaume anayeguna.

Basi kama mvumo upo hata sauti ikiwa sifuri na kebo zote zikiwa nje, mshuku kapasita. Hiyo ni kazi ya fundi. Tafadhali usiifungue mwenyewe: kapasita hizo zinaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa.

Na kwa nini zinakauka? Joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita za aina hii kwa takriban nusu. Sasa fikiria Dar au Mombasa mwezi Februari, halafu juu ya sabufa kuna kitambaa kizuri cha kufuma kilichofunika matundu yote ya kupumulia. Kitambaa kinapendeza, ndiyo, lakini kihamishie kwenye meza.

Kitanzi cha ethi

Mvumo unaokuja pale tu unapounganisha vyombo viwili huwa na sababu nyingine. Tuseme TV na risiva zina plagi za pini tatu, na umezichomeka kwenye soketi mbili tofauti. Kila kimoja kina njia yake kwenda ethi. Halafu unaviunganisha kwa kebo ya sauti, ambayo waya wake wa nje nao umeshikana na ethi pande zote mbili. Umetengeneza kitanzi kamili: kutoka TV, kupitia kebo, hadi risiva, hadi ethi, na kurudi.

Ethi za soketi mbili hazilingani kabisa. Tofauti ndogo tu kati yake inasukuma mkondo kuzunguka kitanzi, na mkondo huo unapita kwenye waya uleule unaobeba muziki. Sauti inayosafiri kwenye kebo hizi ina takriban theluthi moja ya volti. Uchafu wa milivolti moja ni mdogo karibu mara 300 kuliko huo, lakini sikio la binadamu wakati wa ukimya linausikia vizuri tu. Antena au dishi lililofungwa kwenye bomba la chuma lililochimbiwa ardhini linaweza kuleta ethi nyingine kupitia waya wa king'amuzi. Ukichomoa waya huo wa dishi na mvumo ukakatika, umeshapata jibu.

Dawa ni kuvunja kitanzi mahali salama:

- Chomeka vyombo vyote vya sauti kwenye eksitensheni moja nzuri, ili vitumie ethi moja.
- Tumia kebo ya mwanga kama TV na risiva zina tundu lake. Toshiba waliileta mwaka 1983, na kwa kuwa inapitisha mwanga tu, mkondo wa umeme hauna pa kupita.
- Tumia kitenganishi cha sauti, kikasha kidogo chenye transfoma ndogo ndani. Muziki unavuka kwa sumaku bila waya za pande mbili kugusana.
- Au tumia Bluetooth, kama ubora wake unakutosha.

Laptop ina kisa chake. Ikiwa chaja yake ni ya pini mbili, ndani kuna kapasita ndogo inayovujisha mkondo mdogo sana kutoka upande wa umeme mkubwa. Ndiyo hiyo inayokufanya uhisi mtekenyo ukipitisha kidole kwenye bodi ya chuma ya laptop. Ukiunganisha na sabufa, mkondo huo unapita kwenye kebo ya sauti. Kipimo chake ni rahisi: chomoa chaja, laptop ibaki na betri. Kelele ikifa papo hapo, sabufa yako haina kosa lolote.

Pini ile usiikate

Sasa tuje kwenye ule ushauri wa mtaani. Kukata pini ya ethi kunavunja kitanzi, ni kweli, na mvumo unaweza kuisha palepale. Hilo ndilo linalowafanya watu waamini kwamba wamerekebisha.

Ethi iko pale kwa ajili ya siku moja mbaya. Siku ambayo waya wa moto ndani ya chombo umelegea, au panya ameutafuna, na umegusa bodi ya chuma. Ethi ikiwepo, mkondo mkubwa unakimbilia ardhini na fyuzi inakatika. Ethi ikiwa imekatwa, hakuna kinachokatika. Bodi inakaa na volti 230 ikisubiri mkono, na mkono huo unaweza kuwa wa mtoto anayechomeka flashi. Swichi za usalama zinazolinda watu majumbani hutengenezwa zikate umeme pale mkondo unaovuja unapofika miliampea 30, kwa sababu kuanzia viwango hivyo mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Fyuzi ya plagi, hata ile ndogo ya ampea 3, inaruhusu mara mia moja ya hapo. Kwa hiyo fyuzi peke yake haitakuokoa.

Ndugu yake na hilo ni mtindo wa kuingiza kijiti au kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Chombo chenye pini mbili chenyewe si dhambi: kikiwa na alama ya mraba ndani ya mraba, kimetengenezwa kwa insulesheni maradufu na hakihitaji ethi. Tatizo ni ule ulazimishaji. Pini zinakaa kwa kulegea, zinatoa cheche, soketi inaungua, na fyuzi ya plagi haipo. Adapta yenye fyuzi ni bei ndogo kuliko soketi mpya, achilia mbali nyumba.

Boksi linavuma lenyewe

Kama mvumo unatoka kwenye boksi na si kwenye spika, unasikia chuma kikicheza. Mwaka 1842 James Prescott Joule, yuleyule ambaye kipimo cha nishati kinaitwa jina lake, aligundua kwamba chuma hubadilika urefu kidogo mno kinapofanywa sumaku. Kiini cha transfoma kinafanywa sumaku kuelekea upande huu na upande ule, mara 100 kwa sekunde, na kila mara kinajinyoosha na kurudi. Mvumo hafifu ni kawaida. Ukizidi, huenda skrubu zimelegea au boksi linatetemesha kabati. Weka kipande cha mpira chini yake usikilize tena.

Tri-ti-tit: simu, wala si jini

Mlio ule kabla ya simu kuita unatokana na mtandao wa 2G. Simu katika mfumo huo haitumi mawimbi mfululizo. Inasubiri zamu yake, moja kati ya zamu nane, na zamu hiyo inarudi karibu mara 217 kwa sekunde. Kila zamu simu inaweza kurusha hadi wati 2. Kebo ya sabufa inafanya kazi ya antena bila kuombwa, transista za ndani zinageuza mapigo hayo kuwa umeme wa sauti, na spika inatoa alichopata. Simu inaanza kuongea na mnara kabla haijaita, ndiyo maana sabufa "inajua" mapema.

Dawa: sogeza simu mita moja au mbili. Basi.

Tki, krr na shhh

Risiva ikisema "tki" sekunde chache baada ya kuwashwa, ni afya. Hiyo ni relei, swichi inayosubiri umeme utulie ndipo iunganishe spika. Lakini ikirudia tki-tki-tki na kukataa kuwaka, zima. Angalia nyuma kama nyuzi za waya wa spika zimegusana, chombo kimepata joto kupita kiasi, au umeme umepungua sana kiasi kwamba relei inashindwa kujishikilia. Kama hakuna hata kimoja, huenda sehemu ya kukuza sauti imeungua, na relei inazilinda spika zako. Usiilazimishe.

"Krr-krr" ukizungusha kitufe cha sauti ni vumbi na kutu kwenye kitufe hicho. Fundi hukisafisha kwa dawa ya kupuliza, na ni kazi ndogo. Asikuuzie bodi nzima.

Na "shhh" laini unayoisikia ukiweka sikio kwenye spika? Hiyo huwezi kuiondoa yote. Ndani ya kila rezista, elektroni zinahangaika kwa sababu ya joto, na mahangaiko hayo ni volti ndogo isiyo na mpangilio. Mwaka 1928 John B. Johnson alichapisha vipimo vyake na Harry Nyquist akachapisha hesabu yake. Ukiisikia ukiwa umekaa kwenye kochi ni nyingi mno. Ukiisikia kwa kubandika sikio tu, chombo chako kiko sawa.

Jaribu usiku huu

Nyumba ikitulia, fanya yale maswali matatu. Kama una simu yenye programu ya kuonyesha masafa ya sauti, isogeze karibu na spika: maikrofoni ya simu haisikii vizuri hezi 50, lakini mlima wa hezi 100 mara nyingi utauona. Andika mlio ulikuwa upi, ulitoka wapi, na ulikatika ulipochomoa nini.

Ukifika kwa fundi na karatasi hiyo, hutasema tena "redio inasumbua". Utasema: "Fundi, inavuma hata sauti ikiwa sifuri na kebo zote zikiwa nje, angalia kapasita." Hapo mtaelewana, na bei nayo mtaelewana. Ila karatasi ikionyesha kosa ni kebo, basi hata nauli ya kwenda kwa fundi umeiokoa, na pini tatu za plagi yako zote zipo mahali pake.