Intaneti Sebuleni Ipo, Chumbani Haipo
Wengi hulalamika: kifurushi cha intaneti kimelipiwa, sebuleni inakwenda, chumbani hakuna kitu. Kabla ya kununua kifurushi kikubwa zaidi, tazameni kwanza kisanduku cha waifai kimewekwa wapi.

Kisanduku hicho hurusha mawimbi ya redio. Kule Miteja, Kilwa, paa la makuti huyapitisha bila taabu, bati huyarudisha. Katika ghorofa zetu za mjini, zege lenye nondo huyadhoofisha, na friji au tangi la maji vivyo hivyo.

Basi kitoeni nyuma ya televisheni, kiwekeni juu, katikati ya nyumba. Kwa chumba cha mbali, chagueni mawimbi ya gigahezi 2.4, yale ya 5 yana kasi zaidi, lakini hushindwa upesi na kuta.

Kuhamisha kisanduku ni bure. Kifurushi ni fedha.