Walivyowinda kiboko kwa mtumbwi, na kwa nini mvuvi afanye kinyume chake

Ukimwambia mvuvi wa Kilombero au Rufiji kwamba zamani walikuwapo watu waliomfuata kiboko mtoni kwa hiari yao, wawili ndani ya mtumbwi mwembamba, bila bunduki, huenda akakuuliza kama walikuwa na akili timamu. Yeye kila siku anatafuta namna ya kumkwepa mnyama huyo. Lakini watu hao walikuwapo, na walimjua kiboko kuliko mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana tumeona tuwaeleze walivyofanya. Yale waliyoyajua yanaweza kumsaidia mtu anayevuka mto leo kwa mtumbwi, ilimradi ayatumie kwa kuyageuza.

Habari zao zilizo kamili zaidi zinatoka Mto Zambezi, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Huko waliishi watu walioitwa Akombwi, au Mapodzo, ambao kazi yao ilikuwa kuwinda kiboko. David Livingstone, mmishonari na msafiri kutoka Uskoti, aliwakuta katika safari yake ya mwaka 1858 hadi 1864, akaandika kwa urefu namna walivyowinda. Anasema walikuwa watu wa kujitenga, na kwamba ilisemekana wanawake wao hawakuolewa kabisa nje ya kabila. Sababu moja ni kwamba baadhi ya majirani zao waliona nyama ya kiboko ni mwiko mkubwa. Rubani mmoja wa Livingstone alikataa hata kupikiwa katika chungu kilichowahi kupikiwa nyama hiyo, akaona heri alale njaa. Meno ya kiboko, hata hivyo, aliyauza bila wasiwasi wowote!

Akombwi walisafiri na familia nzima. Wake, watoto, vyungu na mikeka ya kulalia vyote vilipakiwa mtumbwini. Wakifika mahali penye viboko wengi walijenga vibanda kando ya mto, wakakaa hapo wakiwinda na kukausha nyama.

Mtumbwi wa kuwindia haukuwa kama ule wa kuvushia watu. Ulikuwa na urefu wa mita 5 na nusu hadi 6, lakini upana wake ulikuwa kama sentimita 45 tu, na ubao wake ulichongwa hadi ukabaki na unene wa sentimita moja na ushei. Ulitengenezwa uende mbio. Ndani walikaa watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, kila mmoja na kafi fupi lenye bapa pana.

Walimtafuta kiboko aliyesinzia majini. Walishuka na mkondo polepole, makafi yakiingia na kutoka bila kutikisa maji, bila neno, wakiongea kwa ishara tu. Wakikaribia, yule wa mbele aliweka kafi chini, akasimama taratibu, akanyanyua chusa juu ya kichwa. Fikiria mwenyewe: kusimama wima katika mtumbwi wa upana wa sentimita 45, bila kuyumba, huku mbele yako kuna mnyama ambaye dume lake lililokomaa lina kilo 1,500 au zaidi. Alingoja mpaka wamfikie kabisa, ndipo akachoma kwa nguvu zake zote kuelekea moyoni. Papo hapo mwenzake wa nyuma alianza kurudisha mtumbwi kinyumenyume, na yeye akaketi, akashika kafi, wakarudi nyuma pamoja.

Chusa lenyewe lilikuwa na ujanja wake. Chuma chake chenye meno hakikufungwa moja kwa moja kwenye mpini. Kilichomekwa tu, kisha kikaunganishwa na mpini kwa kamba ndefu ya gome iliyozungushwa kwenye mpini huo. Kiboko akichomwa na kuzama, chuma kilibaki mwilini, kamba ikajikunjua, na mpini ukaelea juu ya maji kama boya. Mnyama hakuwa na pa kujificha tena. Popote alipotembea chini ya maji, mpini ulimfuata juu na kuwaonyesha alipo.

Hapo ndipo hatari ilipoanza. Lile pigo la kwanza kwa kawaida lilimshtua tu kiboko, mara chache sana aligeuka kushambulia. Lakini wawindaji walirudi kwenye ule mpini, wakavuta kamba mpaka wakajua wako juu yake. Kamba ikilegea ghafla, maana yake ni moja: anapanda. Ilibidi chusa la pili liwe tayari wakati mdomo wake unapojitokeza. Wakichelewa kidogo, aliuvunja mtumbwi kwa meno, au akaupasua kwa teke la mguu wa nyuma. Akishapata machusa mengi, watu wa mitumbwi kadhaa waliishika mipini na kumburuta huku na huku mpaka akaishiwa damu na nguvu.

Na mtumbwi ukivunjwa? Akombwi walipiga mbizi papo hapo na kuogelea chini ya maji hadi ukingoni. Walisema kiboko mwenye hasira anamtafuta adui yake juu ya maji, kwa hiyo aliye chini hamwoni.

Uwindaji wa namna hii haukuwa wa Zambezi peke yake. Hapa kwetu Wandamba wa bonde la Kilombero nao walijulikana kwa kuwinda kiboko kwa mtumbwi na chusa. Siku hizi mambo ni mengine. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwinda kiboko bila kibali ni kosa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Kwa maoni yetu, chusa halikuwa adui mkubwa wa viboko wa Zambezi. Kazi ya watu wawili na kamba ya gome ina kikomo chake. Bunduki za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji, vilivyokwisha mwaka 1992, ndizo zilizofyeka wanyama wakubwa wa delta ya mto huo.

Sasa turudi kwa mvuvi. Tazama alichokifanya mwindaji ili amfikie kiboko: alikwenda kimya, alimkuta amesinzia, na alimjia katikati ya makao yake. Mvuvi anayepiga kafi alfajiri bila sauti, akikatiza kwenye kina ambako viboko wamelala, anafanya yale yale bila kujua, tena hana chusa wala mwenzake wa kurudisha mtumbwi. Kiboko anashtuka mtu akiwa tayari juu ya mgongo wake. Waongozaji wa watalii wanaosafiri kwa mitumbwi huko Zambezi hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi wanapokaribia mahali pa viboko. Kiboko akisikia mapema, kwa kawaida anatafuta kina, anazama na kukaa mbali. Basi gonga, ongea, kohoa. Haya si mahali pa kunyamaza.

La pili ni njia ya kupita. Wapiga makafi wa Zambezi ya juu, katika nchi ya Barotse, walikuwa na kanuni ambayo Livingstone aliiandika: mchana pita karibu na ukingo, usiku pita katikati ya mto. Sababu yake inaeleweka. Mchana kiboko yuko kwenye kina, amejipoza. Usiku anapanda nchi kavu kula nyasi, na ukingo unakuwa njia yake ya kutoka na kurudi. Hata hivyo mchana usijibanze kwenye matete usikoona mbele, na kamwe usikae kati ya kiboko aliye ufukweni na maji ya kina. Hilo analiona kama umemzibia mlango.

La tatu, uliza habari za mto kabla ya kuingia. Mwaka 1855 kiboko jike aliupiga kwa kichwa mtumbwi wa Livingstone mwenyewe, akaunyanyua nusu nzima juu ya maji, na mtu mmoja akatumbukia mtoni. Baadaye waliambiwa kwamba mtoto wa jike yule alikuwa amechomwa mkuki siku moja kabla. Livingstone hakuwa na kosa, alilipa deni la mtu mwingine. Kiboko mwenye jeraha la waya au mkuki, na jike mwenye mtoto, ndio wa kuogopwa zaidi. Ukijua yupo mmoja sehemu fulani, waambie na wengine, na mtoe taarifa serikali ya kijiji ili afisa wanyamapori aitwe.

Mtumbwi ukipinduliwa, usiung'ang'anie. Hasira ya kiboko mara nyingi inaishia kwenye chombo. Kama unaweza, zama kama walivyofanya Akombwi, jitenge na mtumbwi, kisha elekea ukingo ulio karibu. Nyavu ziache.

Kwa walioko Tanzania, mtu akijeruhiwa au kuuawa na kiboko, zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Taarifa inaanzia ofisi ya kijiji, kisha inakwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na ipelekwe mapema, wakati mashahidi na alama za tukio bado zipo.