Friji au Mtamba?

Stima imeingia katika nyumba nyingi za skimu, na kila mtu aliyewasha taa kwake kwa mara ya kwanza anaijua furaha yake. Baada ya taa, mawazo huenda kwenye vyombo. Duka la mjini lina friji nyeupe, mashine ya kufulia na jiko la umeme, na mwenye duka ana maneno matamu. Anakuambia unaweza kulipa kidogo kidogo. Unarudi nyumbani, unatazama zizi, na macho yako yanatua juu ya mtamba mwenye mimba. Kabla hujamfungua kamba kumpeleka sokoni, keti na mwenzio, mchukue kalamu na karatasi, mfanye hesabu.

Bei iliyoandikwa dukani ni mwanzo tu. Tuseme friji ni shilingi 45,000 kwa fedha taslimu. Kwa malipo ya polepole unaambiwa utoe 9,000 kwanza, kisha 4,200 kila mwezi kwa miezi 12. Zidisha, utapata 50,400. Ongeza zile 9,000 za kwanza, jumla ni 59,400. Umelipa 14,400 zaidi ya bei, nazo zingetosha kununua mbolea au kupunguza deni la karo. Tena, kwa kawaida chombo cha namna hii hubaki mali ya muuzaji mpaka umalize kulipa. Basi usome karatasi yote kabla ya kutia sahihi, na uulize itakuwaje ukichelewa mwezi mmoja. Mkulima wa Kinangop anayelipwa maziwa kila mwezi anaweza kufuata malipo ya kila mwezi. Lakini mkulima wa mpunga kule Mwea hupata fedha baada ya mavuno, na deni halingojei mavuno.

Kisha kuna stima yenyewe. Chukua risiti yako ya tokeni, ugawanye fedha ulizotoa kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako ya kweli ya uniti moja, pamoja na ushuru wake. Ikiwa ni shilingi 30, na friji inakula uniti moja kwa siku, kwa mwaka ni uniti 365, yaani shilingi 10,950. Friji haipumziki kama pasi. Inakula usiku na mchana, hata ikiwa ndani hamna kitu ila chupa ya maji. Kanuni za Kenya za mwaka 2016 zilileta lebo ya nyota kwa friji: nyota nyingi maana yake ni ulaji mdogo wa stima. Itafute lebo hiyo. Nawe jihadhari na friji kuukuu ya bei rahisi. Mpira wa mlango ukilegea, baridi hutoka na mashine haikomi kunguruma, na ile bei rahisi utailipa kwa tokeni.

Wengi husema, “Friji itaokoa maziwa yangu ya jioni.” Hapa yafaa tukae kidogo. Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la nyuzi 37 au 38, na vijidudu huzaana upesi sana katika joto hilo. Friji ya nyumbani imetengenezwa kutunza kitu kilichokwisha kupoa, si kupoza mtungi wa lita kumi zenye joto. Ukiuweka humo, sehemu kubwa ya usiku itapita kabla maziwa ya katikati hayajapoa, na nyama na mboga zilizo jirani zitapata joto. Maji hunyonya joto upesi kuliko hewa. Kinangop iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na maji ya usiku huko ni baridi ya kuuma mikono. Tia mtungi safi wenye kifuniko ndani ya karai la maji hayo, ukoroge maziwa mara kwa mara kwa kijiko kirefu kilichooshwa vizuri, ubadilishe maji yakipata joto. Kazi hiyo haina bei. Kisha uulize chama chako cha ushirika kama tangi la kupozea hupokea maziwa ya jioni.

Mwea ni jambo jingine. Kule ni chini, joto ni kali, na maji ya karai hayapoi vya kutosha. Mama mwenye kibanda kando ya barabara, anayeuza soda baridi na maziwa mala, aweza kuirudisha bei ya friji kwa mauzo ya kila siku. Friji hiyo ni jembe, si pambo.

Mashine ya kufulia nayo inataka maji, na nyingi hutumia lita 50 au zaidi kwa mfuo mmoja. Hiyo ni mitungi miwili na nusu ya lita ishirini. Mashine inafua, sawa, lakini nani anachota? Kama maji bado huja kwa mgongo wa mama, fedha hizo ziende kwanza kwenye tangi na bomba. Sufuria ya umeme yenye kubana mvuke, kwa upande wake, hupika maharagwe kwa stima ya chini ya uniti moja, nayo huondoa moshi jikoni na safari za kuni. Chombo kinachopunguza mzigo wa mgongo kina faida hata kama hakileti senti.

Sasa rudi kwa mtamba. Akizaa, akatoa lita 8 kwa siku, nawe ukalipwa shilingi 45 kwa lita, ni shilingi 360 kila siku kabla ya gharama za malisho na dawa. Ukimwuza, friji haitazaa ndama. Ukimngoja, maziwa yake yaweza kuinunua friji kwa fedha taslimu, naye akabaki zizini.

Siku utakapokwenda kununua, itisha risiti na karatasi ya dhamana, ukaulize fundi wa chombo hicho yuko mji gani. Nunua pia kifaa cha kuilinda friji stima inaporudi kwa nguvu. Stima ikipotea, usifungue mlango. Baridi hukaa ndani kwa saa nne hivi.