Mtoto aache kubebwa lini na kuanza kutembea mwenyewe?

KATIKA mji wa Isiolo, kigari cha kusukuma mtoto ni kifaa kinachoonekana kwa nadra. Njia nyingi za ndani ya mitaa ni za mchanga na mawe, na magurudumu yake madogo hayawezi kufika mbali. Mtoto hubelekwa mgongoni kwa leso au hupakatwa katika tuktuk na bodaboda, hadi siku anapofunguliwa na kuwekwa chini atembee.

Hata hivyo, swali linalowakabili wazazi wa Isiolo halina tofauti na lile linalowakabili wenzao wa Nairobi, Mombasa au London, ambako vigari vimejaa barabarani. Je, mtoto aache kubebwa akiwa na umri gani? Na asipotembea kwa wakati unaotarajiwa, mzazi asubiri au apige mbio hospitalini?

Kigari chenyewe si kitu cha jana. Inaelezwa kuwa cha kwanza kilibuniwa na Mwingereza William Kent mnamo mwaka wa 1733 kwa ajili ya watoto wa Mtawala wa Devonshire, na kilivutwa na mnyama mdogo. Kigari chepesi kinachokunjwa kama mwavuli kilibuniwa mwaka wa 1965 na Owen Maclaren, mhandisi aliyekuwa amefanya kazi ya kubuni magurudumu ya ndege za kivita aina ya Spitfire. Tangu hapo, kigari kikawa chombo cha kila siku katika miji yenye barabara laini.

Mbeleko ina umri mkubwa zaidi, na sifa zake hazipaswi kubezwa. Mtoto aliyebelekwa huku miguu yake ikiwa imetanuka kiunoni mwa mama huwa katika mkao unaosaidia viungo vya nyonga kukaa mahali pake. Madaktari wa mifupa waliofanya kazi nchini Malawi, ambako akina mama hubeleka watoto mgongoni, walieleza kuwa tatizo la nyonga kutoshikamana vyema ni nadra mno huko. Kinachodhuru ni kumfunga mtoto mchanga kwa nguvu huku miguu yake ikiwa imenyooshwa.

Lakini kila kizuri kina kipimo chake. Mnamo mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Mwongozo huo unasema kuwa mtoto asizuiliwe kwa zaidi ya saa moja mfululizo, awe amefungwa katika kigari, katika kiti cha kulia chakula au mgongoni mwa mlezi. Kwa maneno mengine, leso na kigari viliwekwa katika kundi moja.

Mwongozo huo huo unapendekeza kuwa mtoto mchanga asiyeweza kujiendea alazwe kifudifudi, akiwa macho na chini ya uangalizi, kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku. Yule wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na akifikisha miaka mitatu, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia, kuruka na michezo mingine ya kumfanya ahemehe.

Kuhusu umri wa kuanza kutembea, WHO ilichapisha mwaka wa 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya kutoka Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilibainika kuwa mtoto huweza kuketi bila kushikiliwa kati ya takriban miezi minne na tisa, kusimama peke yake kati ya miezi saba na 17, na kutembea bila kushikwa kati ya miezi minane na 18. Wengi wao walianza kutembea walipokaribia au kupita kidogo mwaka mmoja.

Pengo kati ya miezi minane na 18 ni kubwa, na hapo ndipo penye somo kwa mzazi. Watoto wawili wa jirani, mmoja akitembea akiwa na miezi kumi na mwingine akingali anasimama dede akiwa na miezi 15, wote wanaweza kuwa wazima kabisa. Aidha, wapo watoto wachache ambao hawatambai kamwe kwa magoti na mikono. Huruka hatua hiyo na kuinuka moja kwa moja.

Malezi nayo yana nafasi yake. Mnamo mwaka wa 1957, daktari Mfaransa Marcelle Geber aliandika kuhusu watoto wachanga wa Kampala waliokuwa mbele ya wenzao wa Ulaya katika kuketi na kusimama. Baadaye, mwaka wa 1976, mtafiti Mmarekani Charles Super alionyesha kuwa watoto wa jamii ya Wakipsigis katika Bonde la Ufa waliketi na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani.

Super hakusema kuwa watoto hao walizaliwa na miguu ya ajabu. Aligundua kuwa wazazi wao waliwafundisha kwa makusudi kuketi na kutembea, ilhali katika kutambaa, jambo ambalo halikutiliwa mkazo, hawakuwatangulia wengine. Ama kweli, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Lakini kumfundisha mtoto si kumlazimisha. Mtoto hujifunza kutembea kwa kuwekwa chini mahali salama, kushika ukingo wa kiti au mkeka uliokunjwa, kuanguka na kuinuka tena. Kumsimamisha kwa nguvu kabla misuli yake haijakomaa hakumharakishi. Haraka haraka haina baraka.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa afya ya watoto wanaonya dhidi ya kile kigari cha duara chenye kiti katikati, ambacho mtoto huketishwa ndani yake ili akisukume kwa vidole vya miguu. Wazazi wengi hukinunua wakiamini kinafundisha kutembea. Ukweli ni kwamba kinaweza hata kumchelewesha, kwa kuwa mtoto hajifunzi kujisawazisha wala haoni miguu yake inavyokanyaga. Isitoshe, kinampa kasi ya kufikia ngazi, beseni la maji au jiko la makaa kabla mlezi hajageuka. Canada ilipiga marufuku uuzaji wa vigari hivyo mnamo Aprili 2004, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimependekeza hatua kama hiyo nchini mwao.

Basi kigari cha kawaida, au mbeleko, vikomeshwe lini? Hakuna sheria ya Kenya wala kipimo kimoja cha kimataifa kinachotaja siku. Linalokubalika ni kwamba, pindi mtoto anapotembea imara, abebwe kwa haja na si kwa mazoea. Akiwa na miaka miwili anaweza kutembea sehemu ya safari fupi, kisha abebwe anapochoka. Kuanzia miaka mitatu, mtoto mwenye afya anaweza kutembea mwendo mfupi wa dukani au kwa jirani, na kigari kikabaki cha safari ndefu pekee.

Mazingira ya Isiolo yanadai busara ya ziada. Barabara kuu ya A2, inayoelekea Marsabit na Moyale, inapita mjini na kubeba malori makubwa. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hana uwezo wa kukadiria kasi ya gari, hivyo ashikwe mkono na awe upande ulio mbali na barabara. Penye msongamano wa bodaboda, ni salama zaidi kumbeba.

Jua la mchana nalo si la kufanyiwa mzaha. Matembezi ya mtoto yafanywe asubuhi au alasiri, na maji ya kunywa yasisahaulike. Ndani ya nyumba, kukanyaga kwa miguu mitupu kunamsaidia mtoto kujisawazisha. Nje, penye miiba ya migunga na ardhi inayochoma, avae viatu vyepesi vyenye soli inayokunjika.

Kwa familia za wafugaji katika maeneo ya Merti, Sericho au Oldonyiro, suala hili lina uzito mwingine. Hapa si kigari kinachomchelewesha mtoto kutembea bali njaa. Ukame uliodumu tangu mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, uliangamiza mifugo na kupunguza maziwa, ambayo ndiyo chakula kikuu cha mtoto wa mfugaji. Mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo hukosa nguvu ya misuli, huacha kucheza na huweza kuchelewa kusimama. Kumfanyisha mazoezi ya miguu bila kumpatia lishe ni kazi bure.

Mzazi apaswa pia kutambua yale yasiyo ya kawaida na yale yasiyo ya kuhofiwa. Miguu iliyopinda kidogo kama upinde kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, au nyayo bapa, kwa kawaida hujirekebisha. Lakini matege yanayozidi baada ya umri huo, mguu mmoja kuwa mfupi au mtoto kuchechemea, kutembea kwa vidole daima, au upande mmoja wa mwili kuwa dhaifu, ni mambo ya kumwonyesha mhudumu wa afya.

Mtoto aliyefikisha miezi 18 bila kutembea anahitaji kuchunguzwa. Na hapa ipo nafasi ambayo wazazi wengi huipoteza. Kwa ratiba ya chanjo ya Kenya, mtoto hupewa dozi ya kwanza ya surua na rubela akiwa na miezi tisa, na ya pili akiwa na miezi 18. Baadhi ya wazazi hukoma kwenda kliniki baada ya ile ya kwanza, wakidhani kazi imekwisha. Kumbe ziara ya miezi 18 ndiyo inayoangukia wakati hasa wa kumuuliza muuguzi kuhusu miguu ya mtoto, huku kijitabu cha afya ya mama na mtoto kikiwa mkononi.

Iko hali moja isiyosubiri tarehe ya kliniki. Mtoto aliyekuwa akitembea, kisha ghafla mguu ukalegea na akashindwa kusimama, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda ni polio. Bara la Afrika lilitangazwa Agosti 25, 2020 kuwa limeondokana na virusi vya asili vya ugonjwa huo, lakini virusi vya aina nyingine, vinavyoenea penye watoto wengi wasiochanjwa, vimeripotiwa Kenya baada ya tarehe hiyo. Sampuli za choo zinapaswa kuchukuliwa ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanza, na kila siku inayopotea inawahatarisha watoto wengine.

Mwisho, wapo watoto ambao hawatatembea kama wenzao kutokana na ulemavu, mathalani ule unaotokana na athari za ubongo wakati wa kuzaliwa. Kwa hao, kigari au kiti cha magurudumu si dekezo, bali ni njia ya kufika shuleni. Wizara ya Elimu ina vituo vya kutathmini watoto wa aina hii (EARC), vilivyoanzishwa kuanzia mwaka wa 1984, na mtoto akitathminiwa mapema hupata msaada mapema. Kumficha nyumbani kwa aibu, au kumlaumu mamake, hakumwongezei hata hatua moja.